Wewe Unaenda Embu, Gari Linaenda Tharaka

Ukitoka Meru mjini kuelekea Embu, Mlima Kenya huwa mkono wako wa kulia na Tharaka mkono wa kushoto. Kumbuka hivyo, maana ndicho kipimo cha kwanza cha mwongozo huu na hakina gharama. Ukishapita Nkubu, tafuta kipande kilichonyooka, kisicho na gari mbele wala nyuma. Shikilia mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kisha legeza vidole bila kuondoa mikono kwenye usukani. Gari likisogea kushoto, linaenda Tharaka. Likisogea kulia, linataka kupanda mlima. Jioni ukirudi, rudia kipimo palepale. Gari lililotaka Tharaka asubuhi na mlima jioni halijabadilisha nia: linavuta kushoto siku nzima. Lililotaka Tharaka kwenda na kurudi halina kosa. Hapo ni barabara iliyoinama, kwa kuwa miteremko ya upande huu wa mlima huelekea huko.

Naanza na kipimo hiki kwa sababu wenye magari wa Meru na Embu wana ugonjwa mmoja ninaoupiga vita. Gari likivuta upande huu, wao huvuta usukani upande ule, na mwezi ukiisha mikono imezoea. Sasa gari linaitwa zima. Nembo ya usukani imelala ubavu, bega la kulia la dereva linauma kila Jumamosi, na ukimuuliza atakuapia kwamba gari linanyooka. Gari halinyooki. Yeye ndiye anayelinyoosha, kutwa nzima, bila malipo. Amejigeuza kipuri cha gari lake mwenyewe, na ni kipuri kinacholala usingizi, kinachopokea simu, na kinachoshtuka punda akikatiza barabara.

“Ni barabara tu, baite”

Kisingizio hiki kina ukweli, lakini ni ukweli wa robo. Lami hujengwa na mgongo katikati ili maji ya mvua yamwagike pembeni, na sisi tunaendesha kushoto. Kwa hiyo gari zima kabisa litateremka polepole kuelekea kushoto ukiliachia. Polepole ndiyo maana yake: unapata muda wa kuvuta pumzi na kuitoa kabla halijaukaribia mstari wa pembeni. Likiruka huko mara tu unapolegeza vidole, mgongo wa barabara hauhusiki. Na gari linalovuta kulia, yaani linaloupanda mgongo huo likielekea kwa magari yanayokuja, lina tatizo kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu kabla ya kuvuta limeushinda mteremko kwanza. Hilo lisisubiri mwisho wa mwezi.

Robo tatu zilizobaki za ukweli ni kwamba barabara hizi huharibu pembe za magurudumu kuliko barabara za tambarare. Njia ya Embu kwenda Meru hukata mito inayoshuka kutoka mlimani: Thuci, Nithi, Mutonga. Kila mto una bonde, kila bonde lina kona za kushuka na za kupanda, na katika kila kona uzito wa gari humwagikia gurudumu la nje. Ongeza matuta ya kila soko. Ongeza njia za maramu zinazoingia mashambani Igembe, Imenti, Manyatta na Mbeere, ambako mvua za Machi hadi Mei huchimba mifereji, na zile za Oktoba hadi Desemba huja kuichimba upya. Gurudumu moja likitumbukia shimoni kwa kasi, nguvu yote hupita kwenye mkono wa chini, bushi, boljointi na tairodi. Chuma hupinda kidogo tu. Kidogo hicho kinatosha.

Halafu kuna mzigo. Miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere havingoji. Vikishachumwa, utamu na makali yake hupungua ndani ya siku mbili hivi, ndiyo maana pikapu hukimbia kutoka Maua kwenda Nairobi kana kwamba barabara itafungwa. Gari lililojazwa hadi nyuma ikakaa chini huinua pua. Pua ikiinuka, pembe zote za mbele zilizopimwa gari likiwa tupu huwa zimebadilika. Probox, ambayo Toyota iliitoa mwaka 2002 kama gari la kubebea mizigo midogo ya biashara, huku kwetu hubeba abiria, viazi, na mbuzi wa mahari kwa pamoja. Mwenyewe akiona nyuma imelala, huweka spesa juu ya springi ili gari liinuke. Limeinuka, ndiyo. Lakini magurudumu ya mbele sasa yamesimama kwa pembe ambayo kiwanda hakikuipanga, na hakuna aliyeyapima tena. Akiweka spesa, apime siku hiyohiyo. Asipopima, ahesabu bei ya matairi mawili kuwa sehemu ya bei ya spesa.

Pembe tatu

Fundi wa alaimenti hupima mambo matatu, na mwenye gari akiyajua hawezi kudanganywa kwa urahisi.

Ya kwanza ni too. Simama juu ya gari kwa mawazo, utazame chini. Ncha za mbele za magurudumu mawili zikikaribiana kuliko za nyuma, too iko ndani. Zikiachana, too iko nje. Ya pili ni kemba: simama mbele ya gari uone kama gurudumu limeinamisha kichwa ndani kuelekea injini au nje kuelekea mtaro. Ya tatu ni kasta, nayo huonekana ukitazama gari ubavuni. Ni mwinamo wa mhimili ambao gurudumu huzunguka juu yake unapokata kona. Kwa kawaida kichwa cha mhimili huo hulala nyuma kidogo, na ndiyo sababu usukani hurudi katikati wenyewe baada ya kona. Gari ambalo usukani wake haurudi, unaourudisha kwa mkono kila kona ya Igoji, liulizwe kuhusu kasta. Kabla ya hapo, liulizwe kama boljointi zake zimekauka grisi.

Kwa kuvuta upande, kumbuka sheria mbili. Gari huvuta kuelekea upande ambao kemba yake imeinamia nje zaidi. Tena huvuta kuelekea upande wenye kasta ndogo. Too ya mbele haivuti sana upande, kwa kuwa gari likitembea magurudumu mawili hugawana kosa. Yenyewe hula mpira.

Kuna pembe nyingine, ya kwenye kona, na ina historia nzuri. Gari likikata kona, gurudumu la ndani huzunguka duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo lazima lipinde zaidi. Aliyelitatua hilo kwa magari ya farasi alikuwa Georg Lankensperger wa Munich. Rudolf Ackermann akaliandikisha London kwa niaba yake mwaka 1818, na jina la Ackermann ndilo lililobaki. Hadi leo mikono inayoshika magurudumu ya mbele ya gari lako hupangwa kwa mshazari kwa ajili hiyo. Fundi akikuta mkono mmoja umepinda, akakuambia ataupasha moto wa gesi aunyooshe kwa nyundo, mwambie kwa heshima, “La, fundi, tutafute mwingine.” Chuma cha usukani kilichopashwa moto kimepoteza nguvu kiliyopewa kiwandani. Kitashika leo, kitashika kesho, kisha kitakatika kwenye kona ambayo hukuichagua.

Tairi halisemi uongo

Hapa ndipo ninapomtaka msomaji akae, maana ndiyo kazi ambayo watu huilipia bila kuifanya. Kabla ya kwenda kwenye mashine yoyote, inama usome matairi yako. Piga usukani hadi mwisho ili sura ya tairi la mbele itoke nje, kisha tumia macho na kiganja.

Tairi lililolika ukingo wa ndani peke yake, huku nje likiwa zuri, lina kemba iliyolala ndani au too iliyofunguka nje. Hili ndilo hatari kuliko yote, kwa sababu mwenye gari huona upande wa nje tu. Huosha gari kila Ijumaa, hupaka matairi ile dawa ya kung’arisha, anajivunia, na ndani nyuzi za chuma zimeshachungulia. Wengi walipasukiwa na tairi “jipya” la namna hiyo. Tairi lililolika ukingo wa nje peke yake lina kemba ya kuinamia nje au too iliyozidi ndani, au lina dereva anayekata kona za Nithi kwa kasi. Huyo wa mwisho hana alaimenti ya kumsaidia.

Kingo zote mbili zikilika na katikati kubaki, upepo ulikuwa mdogo kwa muda mrefu. Katikati ikilika na kingo kubaki, upepo ulizidi. Mabaka yaliyochimbika hapa na pale kuzunguka tairi yanatokana na shokabsoba iliyochoka au tairi lisilo na balansi: gurudumu limekuwa likirukaruka juu ya lami badala ya kubingirika.

Sasa kiganja. Kipitishe juu ya meno ya tairi kutoka ukingo wa nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Yakiwa laini pande zote, too yako ni nzuri. Ukipitisha kutoka ndani kwenda nje ukakuta meno yanakuna, huku njia ile nyingine ni laini, too imefungika ndani kupita kiasi. Yakikuna kutoka nje kwenda ndani, too imefunguka. Mkono hugundua hili wiki nyingi kabla ya jicho. Na ukikuta nyuzi za chuma, usiendelee kupitisha: zitakuchana, na kwa vyovyote utambuzi umekwisha, tairi hilo halitoki hapo isipokuwa kwa jeki.

Wanaosema too ni jambo dogo wafanye hesabu. Tairi la gari dogo lina kipenyo cha karibu sentimita 60. Tuseme tofauti kati ya mbele na nyuma ya matairi mawili ni milimita 6, unene wa penseli. Hiyo ni moja kwa mia, na matairi mawili yanaigawana. Katika kila kilomita unayokwenda, kila tairi la mbele linaburuzwa kando kiasi cha mita 5 juu ya lami. Nenda kilomita 100, umeburuza kila tairi nusu kilomita. Ukimwona mtu anakokota tairi kando kwenye lami kutoka stendi ya Meru kwa nusu kilomita ungemwita mwendawazimu, na gari lako linafanya hivyo kila safari huku umefungulia redio.

Meno yana mwisho wake. Ndani ya mifereji ya tairi mna vinundu vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6. Mpira ukishuka hadi usawa wa vinundu hivyo, tairi limekwisha, hata kama jirani anasema bado linaweza kufika Nanyuki. Tazama pia umri wake ubavuni: tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na DOT ni wiki na mwaka. Likiandikwa 2319, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Alaimenti haiwezi kulifanya tairi kongwe kuwa kijana.

“Ni upepo, mdosi”

Mara nyingine ni kweli. Ndiyo maana upepo hupimwa kwanza, asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kiwango kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kiwango ni hicho cha pale mlangoni, wala si cha kijana wa petroli anayesema “wote tunaweka thelathini na tano.” Tairi moja la mbele likiwa na upepo mdogo kuliko mwenzake, gari litavuta upande wa lile dogo. Ukilijaza na mvuto ukaisha, umemaliza kazi. Funga mwongozo uende sokoni Gakoromone.

Mvuto ukibaki, badilishana matairi ya mbele: la kushoto kulia, la kulia kushoto. Angalia kwanza kama yana mshale wa mwelekeo ubavuni. Yakiwa nao, usiyabadilishe hivyo. Endesha tena. Kama gari lililokuwa likivuta kushoto sasa linavuta kulia, tairi lenyewe lina kasoro ya ndani, na hakuna pembe ya kurekebisha. Nimeona watu wakilipia alaimenti mara tatu kwa kosa la tairi moja la mtumba. Kama mvuto haukubadilika, endelea.

Pima na breki. Shuka mteremko, simama, tembea kuzunguka gari usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Moja ikiwa na joto kupita zote, ikiwa na harufu ya kuungua, kalipa yake imeganda na breki inashika usipoikanyaga. Gari litavuta upande huo kutwa, na utamlaumu fundi wa alaimenti bure.

Na tafadhali, mtetemo na mvuto ni magonjwa mawili. Usukani unaotetema ukifika kilomita 80 au 100 kwa saa, kisha ukatulia ukipunguza, unaomba balansi, si alaimenti. Katika msimu wa mvua kuna sababu rahisi zaidi, ambayo mtu wa Nairobi hawezi kuijua. Udongo wetu mwekundu hujikusanya ndani ya rimu, hukauka usiku ukawa tofali, na asubuhi gari linatetema kama limepata homa. Osha ndani ya rimu kwa maji ya nguvu kabla ya kulipa mtu. Ukiwa na ndoo na kijiti umejiokolea pesa ya balansi.

Vinavyolegea

Jambo ninalotaka kila mwenye gari wa Maua, Nkubu, Chuka, Runyenjes na Siakago alijue ni hili: alaimenti ni kazi ya mwisho. Mashine haikazi kitu kilicholegea. Inapima pembe gari likiwa limesimama, na kama bushi imekufa, pembe hiyo itahama ukigusa breki. Gereji inayokupandisha kwenye mashine bila kwanza kutikisa magurudumu imekuuzia karatasi.

Kutikisa ni hivi. Tafuta mahali tambarare, jambo ambalo kwa Meru ni kazi yenyewe. Vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, inua gurudumu moja la mbele kwa jeki na uweke stendi au gogo imara chini ya chesi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama fundi anaingia. Shika gurudumu kwa mikono miwili juu na chini, ulitikise: likicheza, ni beringi au boljointi. Shika kushoto na kulia, ulitikise: likicheza, ni tairodi endi au raki endi. Kisha shusha gari chini, mwombe mtu aupigepige usukani kidogo kushoto na kulia huku ukitazama chini kwa tochi. Kiungo kinachotangulia kusogea kabla ya mwenzake kimelika. Bushi za mkono wa chini huonekana kwa kupasuka mpira wake. Stabilaiza linki hujitangaza yenyewe kwa kugonga kila tuta.

Ukikuta kimoja kimelika, uliza na cha upande wa pili. Vilizaliwa siku moja na vimepita mashimo yaleyale.

Kwa pikapu zenye springi za majani nyuma, kuna ugonjwa ambao dereva huwa wa mwisho kuujua. Senta bolti ikikatika kwa kuzidishiwa mzigo, ekseli ya nyuma huhama upande mmoja, na gari hutembea kiupandeupande kama mbwa anayekimbia. Anayekufuata huona ubavu wako wakati unaenda moja kwa moja. Nyoosha magurudumu ya mbele, upime kwa futi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kushoto kisha kulia. Tofauti ya sentimita nzima haielezeki kwa alaimenti ya mbele. Fundi anayekunyooshea usukani bila kuigusa ekseli hiyo amekupaka rangi kwenye ufa.

Kwa uzi na chaki

Wapo watakaokuambia kwamba bila mashine ya kamera alaimenti haiwezekani. Si kweli, kwa too. Fundi mwangalifu wa jua kali aliye na futi, chaki na subira anaweza kuiweka too vizuri kabisa, na mzembe mwenye mashine ya mamilioni anaweza kuiharibu.

Inua mbele, zungusha kila gurudumu ukishikilia chaki au ncha ya msumari katikati ya tairi hadi upate mstari mwembamba wa kuzunguka. Shusha gari. Lisukume mbele mita chache ili springi zitulie, usukani ukiwa katikati. Nyuma ya matairi ya mbele, karibu na kimo cha ekseli kadiri injini inavyoruhusu, weka alama kwenye kila mstari na upime kutoka alama hadi alama. Sasa sukuma gari mbele nusu mzunguko mpaka alama zilezile zifike mbele kwa kimo kilekile, upime tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo too yako. Magari madogo mengi hutaka kati ya sufuri na milimita 2 au 3 ndani, lakini mwenye kauli ya mwisho ni kitabu cha gari.

Kurekebisha, legeza nati za kufungia za tairodi zote mbili, zungusha kila moja kiasi kilekile, upime upya, ukaze. Tairodi zikiwa nyuma ya ekseli, kuzirefusha hufunga too ndani. Zikiwa mbele, huifungua. Ukizungusha upande mmoja tu, too itakuwa sawa na usukani utakaa umepinda, na hapo ndipo zinapotoka zile nembo zilizolala ubavu ambazo nusu ya matatu ya mji zinazo.

Kemba na kasta hazipimwi kwa chaki. Hapo nenda kwenye mashine, lakini nenda ukiwa na maneno ya kusema. Kwenye magari mengi madogo kemba ya mbele haina nafasi kubwa ya kurekebishwa, kwa hiyo upande mmoja ukitofautiana sana na mwingine, kuna chuma kilichopinda, na jibu ni kukibadilisha. Gari liwe na upepo sahihi. Kama kila siku hubeba gunia tatu nyuma, uliza kama linaweza kupimwa na mzigo wake. Na usiondoke bila karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada. Fundi asiyetaka kukupa cha kabla hataki uone kama alibadilisha chochote.

Pima upya kila kilomita 10,000 hivi. Anayeshinda kwenye maramu asingoje hata nusu ya hizo. Pima pia baada ya kubadilisha tairodi, mkono wa chini au shokabsoba, na baada ya shimo lolote lililokufanya utamke jina la Mungu.

Nithi

Nasisitiza haya kwa sababu ya daraja moja. Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitoka barabarani kwenye mteremko wa Nithi likatumbukia bondeni, na watu zaidi ya 30 wakafa. Sihusishi ajali hiyo na alaimenti. Nasema mahali pale hapana nafasi ya kosa: mteremko mrefu, kona, daraja, bonde. Unaposhuka huko breki zimepata joto, mzigo wote umesogea mbele, na magurudumu mawili ya mbele ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kukata kona na kusimamisha. Tairi lililolika ndani, bushi iliyokufa, usukani unaovuta upande wa bonde, kila kimoja huweza kuvumilika kwenye tambarare za Mwea. Kwenye Nithi vinakutana kwa wakati mmoja.

Magari ya abiria hukaguliwa kila mwaka, na mwaka ni mrefu. Dereva wa matatu ya Meru na Embu anaweza kushuka Nithi mara nyingi kwa siku moja. Kwa hiyo abiria naye ana kazi. Ukiwa umekaa mbele, mtazame dereva barabara inaponyooka. Kama usukani umepinda na gari liko sawa, au mikono yake inapigana nao bila kona, mwambie mapema, kabla ya Nithi, kwa sauti ya kawaida: “Dere, gari yako inavuta. Ipeleke kwa fundi.” Atakujibu kwamba ni barabara. Mwambie umepima, linaenda Tharaka.

Na gari likishatoka gereji, usilipe hadi ulirudishe kwenye kipande kilekile ulichopimia mwanzo, upepo uleule, mzigo uleule, vidole vikiwa vimelegea. Likinyooka, lipa kwa moyo na umtaje fundi kwa wengine. Kisha baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza, simama mahali tambarare, toa spana, ukaze tena nati za magurudumu yote yaliyofunguliwa.